Seneca Ray Stoddard, mpiga picha aliyetetea pori la Adirondack

Mmarekani Seneca Ray Stoddard, aliyefariki mwaka 1917, alianza kazi kama mchoraji wa mapambo ndani ya mabehewa ya treni. Baadaye alibeba kamera na kuingia Adirondack, pori kubwa la kaskazini mwa jimbo la New York. Alipiga picha za maziwa na milima, lakini pia miti iliyokufa kwa maji ya mabwawa na misitu iliyofyekwa na wafanyabiashara wa mbao. Mwaka 1892 aliwaonyesha wabunge mjini Albany picha hizo ukutani kwa taa. Mwaka huohuo sheria iliunda hifadhi ya Adirondack. Mwaka 1894, wapiga kura walipitisha katiba iliyokataza kukata miti ya msitu wa serikali. Katazo hilo lingalipo.