Lionel Van Praag: Bingwa wa mbio za pikipiki aliyepigania uhai katika bahari ya Indonesia

Jina la Lionel Van Praag ndilo la kwanza katika orodha ya mabingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za spidwei. Hata hivyo, heshima yake kubwa zaidi aliipata mbali na viwanja vya mbio, katika maji ya Indonesia, ambako hapakuwa na mtazamaji hata mmoja.

Van Praag alizaliwa Redfern, mjini Sydney, Desemba 1908. Alikuwa kijana wakati mchezo huo ulipoanza kupata umaarufu Australia: waendeshaji wanne, mizunguko minne, njia ya vumbi na pikipiki zisizo na breki. Kwenye kona, mwendeshaji huliacha gurudumu la nyuma liteleze huku akiburuza mguu wa kushoto chini.

Katika miaka ya 1930 alikwenda Uingereza, akajiunga na timu ya Wembley jijini London. Msimu wa huko ulipokwisha, nyota wa Australia walirejea nyumbani kushindana wakati wa kiangazi cha kusini. Hapo ndipo mashabiki wa Sydney walipowaona kwa macho watu ambao kwa miezi mingi walisoma habari zao magazetini tu.

Fainali ya kwanza ya ubingwa wa dunia ilifanyika Wembley tarehe 10 Septemba 1936, mbele ya watazamaji wapatao 74,000. Mwaustralia mwingine, Bluey Wilkinson, alishinda mbio zake zote tano usiku huo, lakini alama za awali zilizojumlishwa zilimshusha hadi nafasi ya tatu. Van Praag na Mwingereza Eric Langton walilingana kwa alama 26, ikabidi washindane tena wawili peke yao.

Langton aliugusa utepe kabla ya wakati, kosa ambalo lingeweza kumwondoa. Van Praag alikataa ushindi wa namna hiyo, akataka mbio zianze upya. Langton alitangulia hadi kona ya mwisho, ambapo Van Praag alipenya upande wa ndani na kushinda kwa umbali usiofika urefu wa gurudumu moja.

Ushindi huo haukukosa minong'ono. Ilidaiwa baadaye kwamba wawili hao walikuwa wameafikiana kugawana zawadi, na kwamba atakayefika kwanza kwenye kona ya kwanza angeachiwa ubingwa. Kama ndivyo, Van Praag alivunja ahadi. Inasimuliwa pia kwamba alimlipa Langton pauni 50 ili kutuliza dhamiri yake.

Kuhusu yaliyotokea mwaka 1942 hapakuwa na minong'ono. Van Praag, wakati huo rubani wa jeshi la anga la Australia, alikuwa ndani ya ndege ya uchukuzi iliyodunguliwa na Wajapani karibu na kisiwa cha Sumba. Kwa takriban saa 30 yeye na rubani mwenzake waliwashikilia wenzao wawili wasizame, huku wakiwafukuza papa. Wote wanne waliokoka, naye akatunukiwa Nishani ya George kwa ushujaa.

Baada ya vita alirudi kwenye mbio, kisha akaendelea na kazi ya urubani. Alifariki dunia Brisbane mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 78.