Louis Leakey na siri ya mkono wa kulia pale Olduvai

Ukitoka Arusha mjini ukauacha Mlima Meru mgongoni, ukapita Karatu na geti la Ngorongoro, unafika Korongo la Olduvai. Hapo Louis Leakey alitumia miaka mingi akitafuta binadamu wa kwanza kutengeneza zana.

Alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, mtoto wa wamisionari, akakua anaongea Kikikuyu. Akiwa Cambridge alipigwa teke la kichwa kwenye raga, akaugua, akasimamisha masomo. Ndipo akaja Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, kuchimba mifupa ya dinosaria. Teke lenye baraka, bwana!

Mwaka 1931 alifika Olduvai na Mjerumani Hans Reck, aliyeamini hakuna zana za mawe pale. Leakey akaweka dau la pauni 10 kwamba atazipata ndani ya saa 24. Akashinda. Jamaa hakuishia kuziokota tu: alijifundisha kuchonga mawe, na alichuna wanyama kwa zana zake mwenyewe.

Mwaka 1960 yeye na mkewe Mary walipata mifupa ya mkono wa mtoto na ya mguu wa kushoto. Mwaka 1964 Leakey, Phillip Tobias na John Napier wakatangaza Homo habilis, mtu mwenye mikono stadi. Wataalamu wengi waligoma. Yeye hakurudi nyuma.

Sasa, mkono upi? Mtu aliye hai unamuuliza anaandika na kurusha kwa upi. Mchezaji unamsogezea mpira uone anapiga kwa mguu upi. Takriban mmoja kati ya kumi ni mashoto. Mifupa utaiulizaje?

Leakey alifariki London mwaka 1972 bila jibu. Mwaka 1995 likapatikana Olduvai taya la juu la miaka milioni 1.8. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na David Frayer walieleza mikwaruzo ya meno yake ya mbele: kitu kilibanwa kwa meno, kikavutwa kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukikata kwa jiwe. Likiteleza, linakwaruza jino. Watu wa leo walirudia kazi hiyo wakiwa wamevaa kinga za meno kama mabondia, na wa mkono wa kulia wakaacha mikwaruzo yenye mwelekeo uleule.

Kumbe mkono ulijulikana kwa meno! Ila ni taya moja tu, na kama mashoto walikuwepo enzi hizo, bado wamefukiwa huko korongoni.