Smetana na Mlio Usiokoma

Maradhi ya mvumo masikioni yana dhuluma yake ya pekee. Mgonjwa husikia mlio usiku na mchana, ilhali aliyeketi ubavuni pake hasikii kitu, na daktari akichungulia sikio aghalabu haoni usaha wala kidonda. Si ajabu, basi, mwenye maradhi hayo akadhaniwa ni mwongo, au mvivu, au amepandwa na pepo. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake jambo hili hatapata kielelezo kilicho bora kuliko maisha ya Bedřich Smetana, baba wa muziki wa taifa la Wacheki.

Smetana alizaliwa mwaka 1824 katika mji wa Litomyšl. Wakati huo nchi yake ilikuwa chini ya ufalme wa Austria, na lugha ya shule na ofisi ilikuwa Kijerumani. Kijerumani ndicho alichosomea na kuandikia hadi alipokaribia umri wa miaka 40, ndipo alipojikalisha chini, mtu mzima mwenye jina, akaanza kujifunza kuandika Kicheki, makosa yake yakionekana waziwazi. (Wasomi wetu wanaoona haya kukosea Kiswahili mbele za watu na wamtazame huyu.) Mwaka 1866 alitoa opera ya Kicheki iitwayo Bibi Harusi Aliyeuzwa, na mwaka huohuo akawa kiongozi wa muziki katika jumba la michezo ya kuigiza la Wacheki mjini Prague. Kufikia hapo alikwisha kuwazika binti zake watatu na mke wake wa kwanza.

Masaibu ya masikio yalimfika mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 50. Yalianza kwa koo kuuma na masikio kuziba, kisha ikaja milio ya juu mfano wa filimbi, na ilipofika Oktoba hakusikia tena sauti yoyote ya nje. Tusikosee hapa: uziwi haukumletea kimya. Sauti za watu na za ala zilimtoka, ila kelele za ndani zilibaki, na kwa mwanamuziki sijui kama ipo adhabu inayopita hiyo. Ilimbidi aache kazi.

Matabibu walimwagiza ayapumzishe masikio na ajiepushe na muziki. Marafiki na waliokuwa wanafunzi wake wakamchangia fedha, naye mwaka 1875 akasafiri hadi Würzburg na Vienna kuwaona mabingwa wa masikio wa zama hizo. Alirudi vilevile alivyokwenda. Jumba la michezo lilimwahidi malipo ya uzeeni ya gulden 1,200 kwa mwaka, kwa sharti kwamba liziigize opera zake bila kumlipa, na hata hizo zilimfikia kwa mashaka na ugomvi. Mwaka 1876 alihamia kijiji cha Jabkenice, akaishi kwa binti yake aliyeolewa na bwana misitu.

Hata hivyo, kalamu haikupumzika. Baina ya Novemba 20 na Desemba 8, mwaka uleule wa 1874, aliutunga muziki wa mto Vltava, ambao leo unapigwa ulimwenguni kote. Yeye mwenyewe hakupata kuusikia hata mara moja. Kisha, mwishoni mwa 1876, alikamilisha utungo wa ala nne za nyuzi alioupa jina la Kutoka Maishani Mwangu. Katika sehemu ya mwisho, ngoma ya furaha inakatika ghafla. Fidla ya kwanza inashika sauti moja ya juu mno na kuing'ang'ania, huku ala nyingine zikitetemeka chini yake. Huo ndio mlio wa masikioni mwake. Jambo ambalo hakuna daktari aliyeweza kulisikia, sasa ukumbi mzima ulilisikia. Chama kimoja cha muziki mjini Prague kiliukataa utungo huo kikidai haupigiki, lakini mwaka 1878 ulipigwa nyumbani mbele ya marafiki, Dvořák akiwa miongoni mwa wapigaji.

Tiba ya kuuzima kabisa mvumo wa namna hii bado haijapatikana katika hali nyingi. Lililobadilika ni ushauri. Wataalamu wa leo hawampeleki mgonjwa kwenye kimya kizito, kwa maana kimya huufanya mlio usikike zaidi. Humpa sauti nyororo za kuufunika, vifaa vya kumsaidia kusikia, na mafunzo ya kuipunguza hofu ili akili izoee kutoujali. Nao vijana wanaojaza muziki masikioni kwa vipokea sauti, au kuketi chini ya spika za matatu kila siku, wajue kwamba chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Smetana hakupata nafuu. Miaka ya mwisho kumbukumbu na usemi vilimtoka, na chanzo cha maradhi yake kingali kinabishaniwa. Alifariki Mei 12, 1884 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Prague. Tarehe hiyohiyo, kila mwaka, tamasha kuu la muziki la mji huo hufunguliwa kwa utungo wake wa Nchi Yangu, ambao ndani yake umo ule mto alioutunga asiusikie.