Mwana wa Mshona Nguo
Asubuhi, miteremko ya chai ya Kericho iliyolielekea jua hung'aa. Iliyokaa upande hufifia. Tofauti hiyo, Johann Heinrich Lambert aliitia katika hesabu. Alizaliwa Mulhouse mwaka 1728. Akiwa na umri wa miaka 12 aliacha shule amsaidie babaye kushona nguo, akawa anajisomea usiku. (Wangapi huko Bomet sisi walimu tumewafuta daftarini, wakaishia kuchuma chai?) Katika Photometria, mwaka 1760, alieleza kuwa uso huangazwa kwa kadiri ya kosaini ya pembe iliyo baina ya mwale na mstari uliousimamia uso huo wima. Alifariki Berlin mwaka 1777. Programu za kompyuta zichorazo mandhari mfano wa kweli hukokotoa kwa kanuni yake mwanga wa kila uso usiometameta.