ASKOFU ALIYEKWENDA BUSIA

Somo: Waefeso 2:11-22

Wiki hii nawaletea maisha ya mtumishi ambaye hakuwa Mpentekoste. Alikuwa Mwanglikana, Askofu Alexander Kipsang Muge. Vijana wengi wa hapa Mayoni hawamjui, lakini waulizeni wazee, watawaambia.

Muge alikuwa Mnandi. Kabla ya kuingia utumishi alikuwa askari wa GSU, kwa hivyo serikali aliijua kutoka ndani. Mwaka wa 1983 akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Eldoret. Rais wakati huo alikuwa Daniel arap Moi, Mkalenjin mwenzake. Sasa fikirini: mtu wenu yuko Ikulu. Si utanyamaza tu, ule na wenzako?

Yeye hakunyamaza. Alikemea ufisadi na unyakuzi wa mashamba. KANU ilipoleta kura ya mlolongo, watu wapige foleni nyuma ya mgombea huku kila mtu akiwaona, aliipinga hadharani. Njaa ilipouma West Pokot, aliitaja, hata wakubwa wakakasirika.

Agosti 1990 waziri wa Kazi, Peter Okondo, alimwonya yeye na Askofu Henry Okullu kwamba wakikanyaga Busia huenda wasitoke wakiwa hai. Hebu oneni hapo: mhubiri wa injili anaambiwa kuna mahali pasipo pa watu kama yeye. Kule Marekani Wakristo waligawanywa kwa rangi ya ngozi, weupe kanisa lao, weusi lao. Sisi ngozi ni moja, kwa hivyo tunagawana kwa jina la ukoo. Ukuta ni ule ule ambao Paulo anasema Kristo aliubomoa.

Tarehe 14 Agosti Muge alienda Busia, na watu wengi wakampokea. Akirudi Eldoret, karibu na Kipkaren, gari lake likagongana na lori la maziwa, akafa. Siku chache baadaye Okondo akajiuzulu. Dereva wa lori alifungwa, lakini mpaka leo Wakenya wengi wana maswali kuhusu ajali hiyo.

Wapendwa, kukemea dhambi ya kabila lingine ni rahisi, hata mlevi anaweza. Muge alianza na nyumbani. Na wale wa Busia, ambao hawakuwa kabila lake, aliwaendea kama ndugu.

Kura zikikaribia, tutasikia tena huyu ni Muwanga, yule ni Mbukusu, wale ni Waluo, hata kwenye viti vya kanisa. Mwanasiasa wetu akiiba, tutasema anaonewa. Wa wenzetu akiiba, tutataka afungwe. Nauliza, na mimi nikiwemo: ni nani kati yetu atasimama amwambie mtu wa kwao ukweli? Tuombe Mungu atupe ujasiri huo kabla ya kura, si baada ya kuumizana.

Amina.