Mary Ainsworth na watoto wachanga wa Uganda

Wamama wa Kivu wanalijua jambo hili: mtoto wa miezi mitatu anapita mkono kwa mkono kanisani bila shida. Akikaribia kutimiza mwaka, mgeni akimgusa tu, ni kilio. Mwenye kulifuata jambo hilo kwa daftari na uvumilivu ni Mary Ainsworth, na alilifuata katika nchi jirani, Uganda.

Alizaliwa mwaka 1913 huko Ohio, Marekani, akakomalia Toronto, Kanada. Huko ndiko alipata udaktari wa saikolojia mwaka 1939. Wakati wa vita aliingia jeshi la wanawake la Kanada, akafika cheo cha meja. Mwaka 1950 akaolewa, akamfuata bwana yake London, akapata kazi kwa daktari John Bowlby, aliyechunguza hasara ya watoto wanaotengwa na mama zao. Alimheshimu sana, lakini hakumsadiki yote. Kama wasomi wengi wa wakati ule, aliona kwamba mtoto anampenda mama juu ya maziwa tu.

Mwaka 1954 alikuwa Kampala, tena kwa kumfuata bwana. Alitaka kuona namna mtoto anavyoumia akiachishwa ziwa na kupelekwa kwa nyanya yake, desturi ya Waganda. Kumbe wengi walikuwa wamekwisha kuiacha desturi ile! Kazi ilikaribia kuanguka mbele ya kuanza. Ndipo akageuza swali: kifungo cha mtoto na mama kinaanza namna gani?

Alichukua familia 26 zenye watoto 28. Kila majuma mawili, kwa muda wa miezi karibu tisa, yeye na mkalimani wake walikuja alasiri, wakati wamama wanapokea wageni, wakaketi masaa mawili hivi. Naye aliwasaidia wamama kufika kliniki kwa motokari.

Aliona mtoto analia mikononi mwa mwingine na kunyamaza akirudi kwa mama. Akaona anamfuata kwa kutambaa, anamnyooshea mikono, anaficha uso magotini mwake mgeni akiingia. Tena mtoto mwenye kumtegemea mama ndiye aliyethubutu kwenda mbali kuchezea vitu, halafu anageuka kuhakikisha kama mama yupo. Wengine walijifunga pia kwa baba, ambaye hanyonyeshi. Habari ya maziwa tu ikaanguka, na hapo Ainsworth akamsadiki Bowlby.

Lakini watoto hawakufanana. Aliwahesabu 16 wenye usalama, 7 wenye wasiwasi, na 5 ambao hawakuonyesha bado kifungo chochote. Wamama waliojua kueleza kila kitu kidogo cha mtoto wao, ndio waliokuwa na watoto wenye usalama.

Nyuma ya Uganda alihamia Baltimore, Marekani, ndoa yake ikavunjika, na kitabu juu ya watoto wale kikatoka mwaka 1967 tu. Watoto wa Baltimore hawakushtuka sana mama akitoka nyumbani, si kama wa Uganda. Kwa hiyo akatengeneza jaribio ndani ya chumba kigeni: mama anatoka, mgeni anabaki, mama anarudi. Chumba kile ndicho kilichompa jina duniani, ingawa mambo makubwa alikuwa amekwisha kuyaona vijijini kando ya Kampala.

Hakuzaa mtoto. Alikufa mwezi wa tatu mwaka 1999 huko Charlottesville, akiwa na miaka 85.