W. E. Johns: Rubani aliyenusurika vitani akawa msimulizi wa vijana

KWA vijana wengi wa Uingereza waliokua kati ya vita viwili vikuu vya dunia, hapakuwa na rubani mashuhuri kumshinda James Bigglesworth, aliyefahamika zaidi kwa jina la Biggles. Walijua ndege alizorusha, maadui aliowakabili na marafiki aliopaa nao. Lakini Biggles hakuwahi kuishi popote ila katika kurasa za majarida na vitabu.

Aliyeishi, akapaa, akatunguliwa na kutiwa kifungoni ni muumba wake, William Earl Johns, mwana wa fundi cherehani. Maisha yake yalikuwa na misukosuko mingi kuliko hadithi kadhaa alizobuni.

Johns alizaliwa Februari 5, 1893 katika kijiji cha Bengeo, karibu na mji wa Hertford. Alipenda kuchora tangu utotoni, ila wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kumwacha aishi kwa kuchora tu. Alifunzwa kazi ya upimaji, na mnamo 1912 akapata ajira ya ukaguzi wa afya katika mji wa Swaffham, jimbo la Norfolk. Mwaka wa 1914 alimwoa Maude Hunt, na mtoto wao wa pekee, Jack, akazaliwa mwaka wa 1916.

Tayari alikuwa amejiunga na askari wa akiba wa Norfolk waliopanda farasi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, farasi waliachwa nyuma. Mnamo 1915 Johns alipelekwa Gallipoli, nchini Uturuki, kupigana kwa miguu katika mahandaki. Baadaye alihamishiwa kikosi cha bunduki za rashasha na kutumwa Salonika, Ugiriki, ambako malaria ilimlaza hospitalini.

Aliyoyaona ardhini yalimtosha. Akaomba kuhamia kikosi cha ndege, na mnamo Septemba 1917 akateuliwa kuwa afisa mdogo na kuanza mafunzo ya urubani.

Urubani wa siku hizo ulikuwa wa kubahatisha. Ndege ziliundwa kwa mbao, nyaya na kitambaa, na marubani hawakuwa na miavuli ya kujiokolea. Johns alipofanywa mkufunzi huko Marske, pwani ya kaskazini mwa Uingereza, inasimuliwa kwamba aliharibu ndege tatu kwa muda wa siku tatu kwa sababu ya hitilafu za injini. Moja ilitumbukia baharini, nyingine ikaanguka mchangani na ya tatu ikaivamia nyumba ya afisa mwenzake.

Siku iliyobadili maisha yake ilikuwa Septemba 16, 1918. Wakati huo alikuwa katika Kikosi nambari 55 nchini Ufaransa, akirusha ndege ya kudondosha mabomu aina ya DH4. Wakiwa safarini kuushambulia mji wa Mannheim, Ujerumani, ndege yake ilipigwa na mizinga ya kutungulia ndege, akalazimika kujitenga na wenzake. Ndege za kivita za Wajerumani zilimwandama akiwa peke yake.

Msaidizi wake aliyeketi nyuma, Alfred Amey, alipigana hadi mwisho lakini hakunusurika. Johns alijeruhiwa mguuni, ndege ikaanguka, naye akatekwa. Alijaribu kutoroka kifungoni bila ya kufaulu. Vita vilipokoma mnamo Novemba, jamaa zake walikuwa wamekwisha kumhesabu miongoni mwa wafu. Alirejea nyumbani wakati wa Krismasi.

Amri kutoka juu

Johns alibaki katika jeshi la anga hata baada ya amani kurejea, na mnamo 1922 alikuwa akiwasajili makurutu jijini London. Mwezi Agosti alijitokeza mtu mwembamba, mfupi, aliyejitambulisha kwa jina la John Hume Ross. Johns alimtilia shaka, akabaini kuwa stakabadhi zake si halali, akamkataa.

Muda si muda mtu huyo alirejea na amri kutoka kwa wakubwa kwamba asajiliwe. Kumbe alikuwa T. E. Lawrence, yule afisa aliyepata sifa kwa kupigana bega kwa bega na Waarabu dhidi ya Waturuki, na sasa alikuwa akitafuta mahali pa kujificha na umaarufu wake.

Ndoa ya Johns ilivunjika, ijapokuwa haikubatilishwa kisheria. Aliendelea kuwatunza mkewe na mwanawe, lakini akaishi na Doris Leigh, ambaye alikuwa mwandani wake hadi mwisho wa uhai wake. Alipoondoka jeshini mnamo 1927, hakuwa na kazi nyingine ya kutegemea ila ile aliyoipenda utotoni. Akaanza kuchora ndege ili apate riziki.

Wakati ulikuwa mwafaka. Mwaka huo huo wa 1927, Charles Lindbergh alivuka bahari ya Atlantiki peke yake bila ya kutua, na dunia ikaingiwa na wazimu wa ndege. Nchini Marekani kulizuka majarida ya hadithi za marubani yaliyochapishwa kwa karatasi duni ya massa ya mbao na kuuzwa kwa senti chache. Mojawapo ya yale ya kwanza, Air Stories, lilianza mwaka huo. Mnamo 1933 lilifuata jarida la G-8 and His Battle Aces, ambamo mwandishi Robert J. Hogan alimpambanisha rubani jasusi na maadui waliotumia popo wakubwa na maiti waliofufuliwa.

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Karatasi ya ndani ilikuwa ya kahawia na hafifu, lakini jalada lilichapishwa kwa rangi kali zilizong'aa: ndege nyekundu ikiporomoka huku ikiwaka moto, rubani akiegemea nje na bunduki, mawingu yakichanwa na risasi. Jalada ndilo lililomfanya mpita njia atoe pesa mfukoni. Wachoraji kama Frederick Blakeslee, aliyeyapamba majalada ya G-8, walijitahidi kuzichora ndege zenyewe kwa usahihi, hata kama hadithi ilikuwa ya ajabu.

Nchini Uingereza, mchapishaji John Hamilton alikuwa akimpa Johns kazi ya kuchora majalada ya vitabu kuhusu ndege. Akamteua kuwa mhariri wa jarida jipya la kila mwezi, Popular Flying, lililoanza mnamo Aprili 1932.

Mhariri huyo hakuridhishwa na hadithi za vita vya angani zilizokuwa zikisomwa wakati huo, nyingi zikiwa zimeandikwa na watu ambao hawakuwahi kupaa wala kupigwa risasi. Hivyo katika toleo la kwanza alitia hadithi yake mwenyewe, The White Fokker, akitumia jina la William Earle, lililotokana na jina la ukoo wa mama yake. Humo ndimo Biggles alimozaliwa.

Kabla ya mwaka kwisha, hadithi hizo zilikusanywa katika kitabu, The Camels Are Coming. Ngamia wa kichwa hicho si wanyama wa jangwani, bali ni ndege za Sopwith Camel, zilizopewa jina hilo kwa sababu ya nundu iliyofunika bunduki zake mbili mbele ya rubani. Ndege hiyo iliwasumbua maadui, lakini pia iliwaua wanafunzi wengi wa urubani walioshindwa kuidhibiti.

Biggles wa kwanza hakuwa shujaa wa kuchekesha watoto. Alikuwa kijana mdogo mwenye mikono ya kutetemeka, aliyekunywa pombe kali ili kutuliza mishipa, aliyewalilia wenzake kwa siri, na aliyempenda mwanamke aliyegeuka kuwa jasusi wa Ujerumani. Mwandishi aliyewahi kuketi mbele ya Alfred Amey ndiye aliyeweza kuandika hivyo.

Baadaye wachapishaji walipotambua kuwa wasomaji wengi ni watoto, makali hayo yalipunguzwa. Katika toleo la miaka ya 1950, kreti ya wiski iliyoshindaniwa na vikosi viwili katika hadithi moja ilibadilishwa ikawa ya maji ya limau.

Mwenyewe pia hakukosa chumvi. Cheo chake cha mwisho jeshini kililingana na luteni, lakini vitabuni alijiita kapteni. Ajabu ni kwamba mtu aliyekerwa na hadithi za uongo alijipandisha cheo, na umma ukamwita hivyo hadi kaburini.

Aonya kuhusu vita

Katika safu zake za uhariri, hata hivyo, Johns hakutia chumvi. Miaka ya 1930 ilipokuwa ikisonga, aliandika mara kwa mara kwamba Ujerumani ilikuwa ikijenga jeshi la anga, na kwamba Uingereza ilikuwa imelala. Alipinga sera ya kumbembeleza Hitler, akaishutumu serikali kwa kutowaandaa marubani na ndege za kutosha. Mnamo 1938 alipewa jarida la pili, Flying, na humo pia hakunyamaza.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mapema mwaka wa 1939 aliondolewa kwenye uhariri, na inaaminika kuwa shinikizo la wakubwa serikalini lilichangia. Mwezi Septemba mwaka huo huo vita alivyovitabiri vikaanza.

Wakati huo serikali ilimhitaji tena. Wizara ya Anga ilitaka wasichana wajiunge na kikosi cha wanawake, naye akabuni rubani wa kike, Worrals, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mnamo 1941. Kwa ajili ya jeshi la nchi kavu alimbuni komando Gimlet. Biggles naye, pamoja na marafiki zake Algy na Ginger, alirejea angani, safari hii akirusha Spitfire.

Johns aliandika kwa kasi ya ajabu. Kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa na zaidi ya vitabu 160, na takriban 100 kati yavyo vilimhusu Biggles. Wachoraji Howard Leigh, Alfred Sindall na baadaye Leslie Stead walivipamba, na vikatafsiriwa katika lugha nyingi.

Mgala muue na haki yake mpe. Sifa hizo haziwezi kuficha doa kubwa katika vitabu vyake. Biggles alizunguka dunia akiwa mtetezi wa himaya ya Uingereza, na mnamo 1936 alifika bara hili katika Biggles in Africa. Katika hadithi hizo, Waafrika na watu wengine waliotawaliwa wanaonekana zaidi kama wapagazi, watumishi au maadui, huku maarifa na ushujaa ukiachiwa Mzungu. Himaya ilipoanza kuporomoka, wakutubi nchini Uingereza kwenyewe walianza kuviondoa vitabu hivyo rafuni kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, chuki dhidi ya adui wa zamani haikuwa yake. Jasusi Mjerumani Erich von Stalhein, aliyemwinda Biggles tangu kitabu cha 1935, hatimaye aliokolewa na Biggles huyo huyo kutoka gereza la mbali la Sakhalin katika kitabu cha 1958. Mzee aliyetunguliwa na Wajerumani aliona heri maadui wazeeke wakiwa marafiki.

Johns alifariki Juni 21, 1968 nyumbani kwake Hampton Court akiwa na umri wa miaka 75. Mezani aliacha kitabu ambacho hakikukamilika, ambamo Biggles alikuwa ameanza kuwazia kustaafu.

Majarida yaliyomlea yalikwisha kutoweka madukani, na karatasi yake duni huvunjika mikononi mwa wanaoyahifadhi. Majalada ndiyo yanayowindwa na wakusanyaji hadi leo kwa ajili ya rangi zake. Lakini kijana wa 1932 aliyevutiwa na rangi hizo, akafungua jarida la Johns, alikutana ndani na jambo ambalo jalada halikumwambia: kwamba aliyekuwa katika ndege inayowaka alikuwa mtu, na kwamba kulikuwa na mtu mwingine nyuma yake ambaye hakurudi nyumbani.